Bendi Ilipokuwa Sababu ya Safari: Jazi, Meli ya Norway na Bahari ya Karibea

Enzi za meli kubwa za abiria, mtu alikata tiketi kwa sababu alitaka kufika New York au Southampton, na bendi iliwekwa ili siku za njiani zisimchoshe. Kwenye maji ya Karibea, katika robo ya mwisho ya karne ya 20, mpango huo uligeuzwa: wakapatikana watu waliokata tiketi kwa ajili ya bendi, na bandari zikabaki kuwa vituo vya kunyoosha miguu. Wengi wanaona hapo ujanja tu wa wafanyabiashara wa utalii wenye vyumba vitupu vya kujaza. Mimi nashikilia kwamba lilitokea jambo kubwa kuliko biashara. Mwanamuziki wa melini, aliyekuwa mtumishi kwa miongo mingi, alipandishwa hadi akawa yeye ndiye safari, na meli iliyomfikisha huko ilikuwa chombo kilichokwisha kukosa kazi.

Ili kupima alikotoka, tuanzie Titanic mwaka 1912. Wanamuziki wake 8 waliajiriwa kupitia wakala wa Liverpool, wakapanda kwa tiketi za daraja la pili, na wote walikufa maji. Familia zilipodai fidia zilikuta milango imefungwa: kampuni ya meli ilisema hao walikuwa watu wa wakala. Baba wa mpiga fidla mmoja aliletewa ankara ya sare ya mwanawe aliyezama, ikiwa pamoja na nembo ya kinubi iliyoshonwa kwenye kola. Ankara ile inaeleza hadhi ya kazi hii kuliko hotuba zote za maombolezo zilizotolewa mwaka ule. Kwenye mto Mississippi hali ilikuwa na nafuu kidogo. Mpiga piano Fate Marable aliongoza bendi kwenye meli za kampuni ya Streckfus, akawalazimisha vijana wake kusoma nota, na kati yao alikuwemo Louis Armstrong, aliyefanya kazi naye kuanzia 1918 hadi 1921. Armstrong alitoka pale akiwa mwanamuziki aliyekamilika zaidi. Hata hivyo watu weusi waliopiga muziki ule walikuwa wakiwachezesha abiria weupe, na watu wa rangi yao walitengewa usiku wao maalumu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Uingereza kama Ronnie Scott na John Dankworth waliomba kazi katika bendi za meli za Cunard kwa shabaha moja: kufika New York na kumsikia mpiga saksafoni Charlie Parker kwa masikio yao, kwa kuwa sheria za kazi na ugomvi wa vyama vya wanamuziki viliwazuia Wamarekani kupiga kwao. Melini walipiga walichoagizwa; waliyoyapenda waliyafuata nchi kavu.

Sasa tuitazame meli yenyewe. France, kama Norway ilivyoitwa mwanzoni, ilishushwa majini Saint-Nazaire, Ufaransa, Mei 1960, mbele ya Rais de Gaulle, ikiwa na urefu wa karibu mita 316. Ilianza safari mwaka 1962, wakati ndege za jeti zilikuwa zimekwisha kuanza kuwachukua abiria wa Atlantiki. Ilielea kwa ruzuku ya serikali, na bei ya mafuta ilipopanda ruzuku ikakatwa. Mwaka 1974 mabaharia wake waliiteka kwa hasira na kuziba njia ya kuingilia bandari ya Le Havre, lakini haikusaidia. Ikafungwa gatini miaka mitano. Mwaka 1979 Knut Kloster, Mnorwe mwenye kampuni ya utalii wa baharini huko Miami, aliinunua kwa dola milioni 18, akaipeleka Bremerhaven, akazima chumba kimoja cha injini na kuiacha na rafadha 2 kati ya 4. Mwendo uliokuwa fahari ya Ufaransa ulitupwa kwa makusudi, maana asiye na haraka ya kufika ana nini cha kufanya na mwendo? Mwaka 1980 ikaanza kuzunguka Karibea kwa jina la Norway. Ilikuwa na kina kirefu mno kwa bandari nyingi za visiwa, hivyo ilitia nanga nje na kushusha watu kwa boti mbili kubwa zilizobebwa juu ya sitaha ya mbele.

Jambo linalonivutia zaidi ni ukumbi wake wa maonyesho. Katika France, roshani ya juu ilikuwa ya daraja la kwanza na viti vya chini vilikuwa vya daraja la watalii. Katika Norway madaraja yalifutwa. Hank O'Neal, mtayarishaji aliyeanzisha lebo ya rekodi za jazi ya Chiaroscuro, alipoanzisha tamasha la jazi la baharini mwaka 1983, alikabidhiwa ukumbi ambamo mtu alikaa popote alipopata nafasi, pamoja na kumbi nyingine zilizoweza kupigwa muziki kwa wakati mmoja. Wapiga tarumbeta Dizzy Gillespie na Clark Terry walipanda, na wakongwe wengi ambao vilabu vya mijini vilikuwa vimeanza kuwasahau.

Anayepinga atasema: hiyo ni hoteli inayoelea, na muziki wa hotelini hauna makali. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa tamasha lilipangwa nje ya msimu wa baridi, wakati biashara ya Karibea hudorora. Lakini nia ya mwenye meli haiamui thamani ya kinachopigwa. Klabuni mwanamuziki humaliza zamu yake akakimbilia treni. Melini hakuna treni. Alikaa wiki nzima na wenzake, akala nao, akapiga na watu ambao bara asingekutana nao, mbele ya wasikilizaji waliolipa kwa sababu yake na waliojua rekodi zake. O'Neal alirekodi mengi ya hayo na Chiaroscuro ikayatoa, kwa hiyo mwenye shaka anaweza kusikiliza akaamua mwenyewe. Wapo pia wanaosema Norway ilikuwa France iliyohasiwa. Nawaelewa wapenzi wa meli, ila mwaka 1979 njia nyingine iliyokuwa wazi kwa meli ile ilikuwa kukatwakatwa chuma chakavu, na hilo likacheleweshwa kwa zaidi ya miaka 25.

Pingamizi ninaloshindwa kulijibu lote ni la tatu: Karibea yenyewe iko wapi katika hadithi hii? Visiwa vilivyozaa kalipso, mento na son vilionekana kwa mbali kutoka kwenye reli ya sitaha, na bendi zao zikapewa kazi ya kukaribisha wageni gatini, yaani ile kazi ya utumishi ambayo jazi ilikuwa imejikwamua nayo. Haikulazimika kuwa hivyo. Mei 1977, miaka sita kabla ya tamasha la Norway, meli ya Kigiriki Daphne ilitoka New Orleans kwenda Havana ikiwa na Gillespie, Stan Getz na Earl Hines. Ilikuwa meli ya kwanza ya watalii kutoka Marekani kutia nanga Cuba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Gillespie alikuwa ameunganisha jazi na ngoma za Cuba miaka 30 nyuma, pamoja na mpiga ngoma wa Cuba Chano Pozo, bila kuwahi kukanyaga Havana. Sasa alikutana na wanamuziki wa Cuba Arturo Sandoval, Paquito D'Rivera na Chucho Valdés, wakapiga pamoja, na mwaka uliofuata bendi yao ya Irakere ilikuwa jukwaani Marekani. Afrika Mashariki na Kongo zinaelewa vizuri maana ya safari ya namna hiyo: sahani za santuri za Cuba za mfululizo wa GV zilifika kwetu, na Salum Abdallah wa Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba.

Kwa hiyo Daphne, kwa safari yake moja, ilifanya ambalo Norway haikulifanya kwa miaka yake yote ya tamasha: ilimpa mwenyeji nafasi jukwaani badala ya gatini. Sera za Marekani kwa Cuba zilikuwa kizuizi cha kweli, lakini Jamaika, Trinidad na Puerto Rico hazikuwa chini ya vikwazo hivyo. Waandaaji wa safari za muziki za leo, ambazo bado zinaondoka Florida kila mwaka, wanaweza kuanza kwa kuwapa bendi za visiwa hivyo mikataba ya wiki nzima, kwa malipo yale yale na kwenye ukumbi ule ule.