Kuku wa Batavia na Pumba Zetu

Mwalimu afugaye kuku wa mayai uani huanza kuchanganya chakula chao kabla ya kujua sababu ya kuchanganya. Huku kwetu Uganda ndoo hutiwa pumba za mahindi, mashudu ya pamba, dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria waitwao mukene, maganda ya konokono yaliyopondwa, na chumvi kidogo. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi pumba zilivyopata kuingia katika historia ya dunia.

Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilipeleka madaktari Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, wachunguze beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiwaua askari na wafungwa. Miguu ya mgonjwa hufa ganzi, mwili hulegea, na mwisho moyo hushindwa kazi. Zama zile kila ugonjwa ulitafutiwa kijidudu chake, na Christiaan Eijkman, aliyebaki kuongoza maabara katika hospitali ya kijeshi, alikuwa akikitafuta hicho. Alifuga kuku ili awaambukize. Mwezi wa Julai 1889 kuku wakaanza kupepesuka na kuanguka. Waliochomwa sindano na wasiochomwa, wote sawasawa. Kisha, mwishoni mwa Novemba, wakapona bila dawa.

Sababu ilipatikana jikoni. Tangu tarehe 17 Juni mhudumu wa maabara alikuwa akiwalisha wali uliobaki katika jiko la hospitali, wali wa mchele mweupe uliokobolewa sana. Tarehe 27 Novemba ulaji huo ulikoma, kwani mpishi mpya alikataa kutoa mchele wa jeshi kwa kuku wa kiraia! Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakasimama. Twadhani ni nadra ubahili wa mpishi kufaa watu wengi kiasi hicho.

Hapa yafaa tutenganishe maneno. Makapi ni ganda gumu la nje, lile lipepetwalo. Pumba, au wishwa, ni ganda laini la ndani linalotoka punje inapokobolewa. Ni hili la pili lililowaponya kuku.

Je, na wanadamu? Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya, alipeleleza magereza 101 ya Java. Kati ya magereza 37 yaliyopika mchele wenye pumba zake, beriberi ilikuwamo katika 1 tu. Kati ya 51 yaliyopika mchele mweupe, ilikuwamo katika 36. Hata hivyo Eijkman alikosea kufasiri: alidhani wanga ni sumu na pumba ni dawa yake. Ni Gerrit Grijns aliyesema mwaka 1901 kwamba hapakuwa na sumu, bali upungufu wa kitu fulani. Kitu hicho, ambacho leo huitwa vitamini B1, kilitolewa katika pumba za mchele na Jansen na Donath, huko huko Batavia, mwaka 1926. Tuzo ya Nobel ya 1929 alipewa Eijkman pamoja na Mwingereza Hopkins. Grijns hakupata kitu, nasi twaona hakutendewa haki.

Sisi wenyewe tulipata kukosea kama yule mhudumu. Likizo moja fedha zilitupungukia, tukawalisha kuku wetu 14 makoko ya ugali mweupe. Mayai yakatoka na maganda laini kama ngozi, kisha hayakutoka tena. Ganda la yai moja lina kalsiamu ipatayo gramu 2. Mahindi hayana kitu, na kuku asiyepewa maganda ya konokono huikopa katika mifupa yake mwenyewe. Dagaa nao wana kazi yao: vitamini B12, iliyogunduliwa mwaka 1948, haimo katika nafaka wala katika mashudu.

Tangu hapo hatujaacha kuchanganya. Kila Jumamosi twarudi kutoka mashineni na magunia mawili: lile la unga mweupe huingia jikoni kwa ajili ya watoto, na lile la pumba huenda uani kwa kuku.