Kiti kitupu hewani

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee historia.

Ukipanda matatu ya Kangemi pale mjini, unaweza kukuta kiti kitupu chenye gazeti juu yake. Kina mwenyewe, ameshuka kununua maji. Chaneli za televisheni nazo ziko hivyo.

Mwaka 1999 Joseph Mitola na Gerald Maguire waliandika kuhusu redio yenye akili, inayojua mazingira yake na kujirekebisha. Waliofuata wakaipa kazi hii: itafute masafa yasiyotumika, iyatumie, na mwenyewe akirudi iondoke. Kisha wakaongeza ujifunzaji wa mashine: unaipa programu rekodi za siku nyingi, nayo inatabiri chaneli ipi itakuwa wazi saa ngapi.

Marekani ilipofungua chaneli tupu mwaka 2008, ilidai kifaa kisikilize mawimbi na pia kiulize hifadhidata ya chaneli zenye wenyewe. Mwaka 2010 sharti la kusikiliza likaondolewa. Hapa kwetu majaribio ya Mawingu yalianza 2013 karibu na Nanyuki, Microsoft ikiwa mmoja wa washirika. Baadaye Mamlaka ya Mawasiliano, yenye makao Waiyaki Way, Westlands, ilipoandika mwongozo wake nayo ikaegemea hifadhidata.

Kwa nini masikio hayakuaminiwa? Mimi nilijifunza kwa aibu. Niliweka kipokezi kidogo cha USB chumbani kwangu Kangemi, ghorofa ya chini, nikakusanya rekodi za wiki mbili na kufundisha modeli. Ikaniambia chaneli fulani ni tupu, uhakika asilimia 97. Jioni nikapanda kwa jirani wa ghorofa ya tano. Alikuwa anatazama taarifa ya habari kwenye masafa yale yale! Antena yake iko juu ya paa. Modeli yangu ilikuwa imejifunza ukuta, si mawimbi. Kama ningerusha matangazo, ningemzimia habari, naye asingejua wa kumlaumu.

Na skrini nyeusi tunaijua. Februari 2015, katika mvutano wa kuhamia dijitali, NTV, KTN na Citizen zilizimika kwa zaidi ya wiki mbili.

Sisemi tutupe modeli. Vipokezi vingi, juu ya mapaa tofauti, vikipeana habari, vitaona ambacho kimoja hakioni. Lakini kabla ya kukaa, tuulize kwanza: hapa pana mtu?

Haya, tuonane wiki ijayo.