Kuzuia uvinjari wa saraka

Kuzuia uvinjari wa saraka ni kuipanga seva ya tovuti ili mtu anayefungua anwani ya folda asionyeshwe orodha ya mafaili yaliyomo ndani yake. Badala ya orodha hupata ukurasa uliotayarishwa, au hukataliwa kwa jibu ambalo katika itifaki ya HTTP lina namba 403. Ni kazi ya mstari mmoja tu katika faili la mipangilio, lakini kuisahau kumeanika nyaraka nyingi za siri duniani bila mtu yeyote kuvunja nywila.

Jinsi orodha inavyotokea

Anwani inayoishia kwa mkwaju kwa kawaida huomba folda, si faili. Seva huanza kwa kutafuta ndani ya folda hiyo ukurasa wa mwanzo, mara nyingi index.html au index.php. Ukikosekana, seva ama hukataa ombi, ama hutunga papo hapo ukurasa wenye majina ya mafaili yote, ukubwa wake na tarehe yalipobadilishwa mara ya mwisho. Programu ya Apache, iliyoanza mwaka 1995, huweka juu ya ukurasa huo maneno Index of yakifuatwa na jina la folda.

Hili halikuwa kosa la waundaji. Wavuti ilipokuwa changa, seva nyingi zilikuwa maghala ya programu na makala za kitaaluma, na mgeni alitakiwa aone kila kilichopo. Hadi leo tovuti zinazogawa nakala za Linux huacha orodha wazi kwa makusudi. Tatizo huja desturi ya ghala la umma inapobaki kwenye seva ya ofisi.

Mafaili ya mpakani

Tunduma, mji wa mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde nchini Zambia, unaonyesha vizuri kinachoweza kupotea. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapo, na tarehe 5 Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Kila lori huja na nyaraka zake: ankara za bidhaa, kadi ya gari, leseni na pasipoti ya dereva.

Tuchukue mfano wa kubuni wa wakala wa forodha anayelipia nafasi ndogo ya tovuti. Karani wake huskani nyaraka, huzipandisha kwenye folda moja, kisha humtumia kila mteja kiungo cha faili lake kwa WhatsApp. Kila mteja hudhani anaona lake tu. Lakini mteja akifuta jina la faili mwishoni mwa kiungo na kuacha jina la folda, seva isiyozuiwa itamfungulia nyaraka za wateja wote. Mshindani atasoma bei, mwizi wa mizigo atajua lori gani limebeba nini, na tapeli atapata picha za pasipoti. Dereva ambaye hata hajui kwamba tovuti hiyo ipo ndiye atakayeumia kwanza.

Si lazima anayetafuta awe na kiungo. Injini za utafutaji hufuata viungo vyote zinavyovikuta, hivyo orodha moja iliyo wazi huwafikisha kwenye kila faili. Mmarekani Johnny Long, ambaye baadaye aliishi na familia yake Jinja, Uganda, alijulikana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kukusanya maneno ya kuandika kwenye Google ili kupata kurasa za namna hii. Maneno Index of yalikuwa miongoni mwa yale ya msingi.

Namna ya kuzuia

Kwenye Apache amri ni Options -Indexes, na alama ya kutoa ndiyo yenye kazi. Huandikwa katika mipangilio mikuu ya seva au katika faili la .htaccess ndani ya folda. Hapa wengi hukwama: katika Debian na Ubuntu, mipangilio ya awali ya folda ya /var/www huruhusu orodha, na wakati huohuo huiagiza seva isisome .htaccess. Mtu huandika amri sahihi mahali pasiposomwa, kisha huondoka akiamini amefunga. Katika hali hiyo amri iwekwe kwenye mipangilio mikuu na seva ipakie mipangilio upya.

Nginx na IIS hazionyeshi orodha mpaka mtu aziagize. Kwenye nginx amri ya kutafuta ni autoindex on. Anayetumia cPanel atakuta sehemu iitwayo Indexes yenye chaguo la No Indexing, hivyo hahitaji kugusa faili lolote.

Njia nyingine ni kuweka index.html tupu katika folda. Inafanya kazi, ila kila folda ndogo huhitaji ya kwake. WordPress huja na faili la index.php lisiloonyesha kitu katika folda kama ile ya mandhari, lakini picha na nyaraka hupandishwa kwenye folda ya uploads, ambayo kwa kawaida hugawanywa kwa mwaka na mwezi, na huko amri ya seva ndiyo ya kutegemea.

Faili la robots.txt si kinga. Huziomba injini za utafutaji zisipite mahali fulani, na kwa kufanya hivyo humtangazia kila msomaji jina la mahali penyewe.

Mipaka yake

Kufunga orodha si kufunga mafaili. Mwenye kiungo kamili bado atalifungua faili, na majina kama pasipoti1.jpg na pasipoti2.jpg hubashiriwa na mtoto. Baadhi ya mifumo huyapa mafaili majina marefu ya herufi na tarakimu zisizobashirika. Hilo husaidia, mradi orodha imefungwa, kwani orodha huyasoma majina hayo kwa sauti. Nyaraka za watu ni vyema zikae nje ya folda ya umma na zitolewe na programu baada ya mtumiaji kuingia kwa nywila. Viungo ambavyo injini za utafutaji zimeshaviokota huweza kubaki kwenye matokeo yake kwa muda, kwa hiyo mwenye tovuti huomba viondolewe.

Wajibu wa kisheria

Nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na aweke ulinzi wa kuzuia taarifa hizo zisifikiwe na wasiohusika. Ofisi ndogo ya mpakani inayohifadhi pasipoti za madereva nayo ni mkusanyaji wa taarifa.