Jeshi Linapofunga Virago, Nani Huachwa?

Leo tunateremka Imbo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tuanzie Bujumbura, tupite Rumonge mpaka Nyanza-Lac. Wengi wenu mnaijua pwani hiyo kuliko mimi, michikichi yake na ndagala zinazoanikwa mchangani. Swali letu ni moja: jeshi likifunga virago, nani huondoka nalo na nani huachwa?

Turudi mwaka 1916. Bujumbura iliitwa Usumbura, na Wajerumani walikuwa na kituo cha jeshi hapo tangu 1897. Ng'ambo ya ziwa walikuwa Wabelgiji wa Kongo. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani ndio waliotamba majini. Baadaye Waingereza walileta boti zao ndogo kwa safari ndefu ya nchi kavu, wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Februari iliyofuata wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Tarehe 6 Juni 1916 Wabelgiji wakaingia Usumbura. Tarehe 17 wakawa Gitega. Wajerumani hawakupigania sana Urundi. Waliondoka kuelekea Tabora, nayo Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba.

Hebu tazama walivyoondoka Kigoma mwezi Julai. Walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoteremshwa majini mwaka 1915. Hawakutaka adui aipate, lakini pia hawakutaka iharibike, maana walitumaini kurudi. Basi mafundi wakapaka mitambo grisi nzito, kila chuma mahali pake, ndipo wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Grisi ilifanya kazi yake. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Ndiyo, Liemba hiyo hiyo. Mwezi Mei 2015, watu zaidi ya elfu hamsini walipokwama Kagunga, kipindupindu kikiwa katikati yao, meli hiyo ndiyo iliyowachukua kwa mafungu hadi Kigoma. Baadhi yenu mlipanda. Mlikaa juu ya chuma kilichopakwa grisi na jeshi lililokuwa linakimbia.

Lakini watu hawakupakwa grisi. Majeshi yote mawili yalikula chakula cha wenyeji na kuchukua ng'ombe wao, na mizigo ilibebwa vichwani na wanaume waliochukuliwa vijijini. Inakadiriwa kwamba Wabelgiji peke yao waliwatumia wapagazi wapatao 260,000 kutoka Kongo katika vita vile. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza ndicho kilichotupa jina la Kariakoo, pale Dar es Salaam. Mpagazi aliyeugua kuhara njiani aliachwa njiani. Hakuwa na cheo wala bunduki, na mara nyingi hata jina lake halikuandikwa. Askari aliandikwa.

Kuandikwa huko kulikuja kuwa na faida. Mwaka 1964, miaka karibu hamsini baadaye, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee wapatao 350, na wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walikuja na vipande vya sare. Wengine walikuja mikono mitupu. Mtu wa benki akafikiri, akampa kila mzee ufagio, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Wazee wakatii amri zote. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Mimi huifikiria hadithi hii kila nikiona foleni ya uhakiki, mama ameshika kadi iliyochanika, na karani anatafuta namba isiyosomeka. Lakini mpagazi naye angeonyesha nini? Hakuna amri ya kubeba gunia.

Sasa mbwa. Mtacheka, lakini subirini. Marekani ilitumia mbwa karibu 4,000 katika vita vya Vietnam, kulinda kambi na kunusa mitego. Walioletwa nyumbani walikuwa kama 200. Wengine waliuawa au kuachwa, kwa sababu kwenye vitabu vya jeshi mbwa aliandikwa kuwa kifaa, kama hema au sufuria. Sheria ya kuruhusu wapewe watu wa kuwatunza ilikuja mwaka 2000. Mwezi Agosti 2021, ndege za mwisho za Marekani zilipoondoka Kabul, picha za mbwa waliofungiwa uwanjani zilisambaa dunia nzima. Jeshi likajibu kwamba wale hawakuwa wake, walikuwa wa shirika la kutunza wanyama. Huenda ni kweli. Ila walikuwepo pia maelfu ya Waafghanistan waliowatumikia wageni kama wakalimani, nao wakabaki nje ya geti na barua zao mkononi. Yule mbwa na yule mkalimani walijibiwa jibu moja: si wetu.

Kwetu, mbwa wa kuwinda alifungwa njuga shingoni ili mwindaji ajue yuko wapi kichakani. Mtumbwi wa kukimbilia hauna nafasi ya mbwa, hilo halihitaji kuelezwa hapa kambini.

Rumonge iliyaona haya tena tarehe 29 Aprili 1972. Watu wenye silaha walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua raia wengi. Jeshi lilipofika, wenye silaha walikimbia. Raia waliobaki ndio waliolipa, na mauaji yakaenea nchi nzima. Waliokufa hukadiriwa kuwa zaidi ya laki moja. Wengi wa pwani walivuka kwenda Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Michikichi yao ilibaki, ikaendelea kuzaa, na mawese yakakamuliwa na wengine. Wengi wa hao wengine hawakuiba. Walipewa na serikali au walinunua, wakazaa watoto pale. Waliporudi wenye mashamba, familia mbili zilisimama kwenye mchikichi mmoja, kila moja ikisema kweli. Serikali iliunda tume ya ardhi, CNTB, mwaka 2006, na kesi za Rumonge zilikuwa miongoni mwa ngumu kabisa.

Katika kesi za namna hiyo, asiye na karatasi hutegemea anachokijua: mti wa mpaka, jina la jirani wa upande wa ziwa, kijito kilichopita nyuma ya nyumba. Wanaojua hayo ni wazee, na wazee wetu wanapungua.

Kwa hiyo, bibi, babu, wewe uliyetoka Rumonge, Minago au Nyanza-Lac, njoo studio na mjukuu wako mwenye daftari. Tuambie shamba lilianzia wapi na kuishia wapi. Na kama baba yako alibebeshwa mizigo ya jeshi lolote, tutajie jina lake. Tutalisoma hewani.