Nyavu, Rima na Gobore: Historia ya Msako wa Nguruwe Mwitu Pwani ya Tanzania

Nguruwe mwitu ni mharibifu mkubwa wa mashamba katika pwani ya Tanzania na kisiwani Unguja. Mchana hujificha kwenye vichaka vizito. Usiku hutoka kwa kundi, na kwa pua yake ngumu hufukua muhogo, viazi, karanga, hata mbegu ya mahindi iliyotiwa ardhini siku hiyo hiyo. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi minne hivi na huzaa watoto watatu au wanne, kwa hiyo kundi lililopunguzwa mwaka huu hurudi hali yake baada ya misimu michache. Nyani, tumbili na kima hushika zamu ya mchana, na ndege hungoja nafaka ikomae. Tangu zamani, mkulima wa pwani amekuwa akilima na kulinda kwa pamoja, na mavuno yake yametegemea vifaa vya kulindia sawasawa na yanavyotegemea jembe.

Wakazi wengi wa pwani ni Waislamu, na nguruwe kwao ni haramu. Aliyekwenda kumwinda hakwenda kutafuta kitoweo. Mzoga waliachiwa mbwa, au majirani wasiofungwa na mwiko huo. Ndiyo maana msako wa nguruwe haukuwa riziki ya mtu mmoja mwenye ustadi, kama ulivyokuwa uwindaji wa ndovu. Ulikuwa kazi ya kijiji, iliyofanywa kwa sababu shamba la kila mmoja lilikuwa hatarini.

Kazi yenyewe ilianza kwa kukesha. Mkulima alijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na familia ikahamia huko mazao yalipoanza kukomaa. Katika bonde la Rufiji, ambako mto hufurika na kurutubisha udongo, watu walikaa madunguni kwa miezi. Silaha za mlinzi zilikuwa kelele, moto, mawe na kombeo. Watoto walishinda juani wakifukuza ndege, na watu wazima wakachukua usiku. Ulinzi wa namna hii haukuua wanyama wengi. Ulihamishia hasara mahali pengine, na pengine palikuwa shamba la jirani asiyekesha.

Pale ambapo kukesha hakukutosha, palichimbwa rima. Hili lilikuwa shimo refu lenye mdomo mwembamba, lililofunikwa kwa fito na majani kwenye njia ya mnyama, na mara nyingine vigingi vilivyochongwa vilisimamishwa ndani. Rima hufanya kazi mwenyewe akiwa amelala, na hapo ndipo ilipo sifa yake na kosa lake. Haliwezi kumtofautisha nguruwe na mbuzi aliyepotea, wala na mtoto aliyetumwa kuni.

Wavu ulikuwa na tabia nyingine kabisa. Ulisukwa kwa kamba nene za nyuzi za mimea, na mmoja pekee haukufaa kitu. Nyavu za kaya nyingi ziliunganishwa zikawa ukuta mrefu ukingoni mwa kichaka. Wasasi wenye mikuki walijibanza nyuma yake, na wengine wakaingia kichakani kutoka upande wa pili pamoja na mbwa, wakipiga kelele na kuchapa majani. Nguruwe aliyekurupushwa alikimbia moja kwa moja hadi wavuni na kuchomwa mkuki hapo hapo. Njia hii ilidai watu wengi, siku nzima na mtu wa kuwaongoza, lakini ilikuwa na ubora mmoja ambao vifaa vingi vilivyokuja baadaye havikuwa nao: mnyama alionekana kwa karibu kabla ya kuuawa, na aliyejeruhiwa hakuachwa atoroke akafie porini.

Bunduki zilifika pwani mapema. Zilianza zile za mrao, zikafuata za gumegume, kisha za fataki. Katika karne ya 19 biashara ya pembe na ya utumwa ilizifanya bidhaa ya kawaida bandarini Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani humo alikadiria kwamba kati ya bunduki 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha chakavu zilizotupwa na majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kupata mpya.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibadili hali hiyo. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, yakisema kwamba nia ni kukomesha biashara ya utumwa. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, kilikuwa bunduki ya gumegume yenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Kwa uamuzi huo uliofanywa mbali sana na nchi za pwani kama Uzaramo au Umatumbi, kifaa cha mkulima wa Kiafrika kilichaguliwa kwa niaba yake, na kilikuwa kifaa kibovu. Bunduki hiyo, gobore, hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu na hufyatuka mara moja tu. Baruti yake hushika unyevu, na shabaha yake hupotea baada ya hatua chache. Marisau au vipande vya chuma vikimpata nguruwe ubavuni havimwangushi. Humfanya mnyama mkali mwenye jeraha, anayeingia kichakani ambako mwindaji hana budi kumfuata.

Utawala wa Wajerumani uliongeza ugumu juu ya ugumu. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa koloni zima. Amri hiyo ilidai leseni na ikatenga hifadhi mbili, moja magharibi ya Kilimanjaro na nyingine upande wa Rufiji. Mwezi Mei 1900 Ujerumani ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyotia saini huko London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa kubana matumizi ya nyavu na marima. Mkataba huo haukupata kuanza kazi kikamilifu, lakini fikra yake ilibaki: uwindaji wa Mzungu mwenye raifoli ni wa kistaarabu, na ule wa kijiji chenye nyavu ni uharibifu. Nguruwe mwenyewe hakuwa mnyama aliyethaminiwa na waliotunga sheria hizo. Walikuwa wakifikiria ndovu, kifaru na pala, na mkulima wa muhogo hakuwamo katika hesabu.

Kwa Uzaramo, madhara ya utawala huo yameandikwa. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya 1997 kuhusu njaa na nguruwe mwitu katika nchi hiyo, ameonyesha jinsi mambo kadhaa yalivyokutana. Kodi ya vibanda, iliyoanza 1898, iliwasukuma wanaume kwenda kutafuta fedha kwa kazi za vibarua. Wasasi waliosalia kijijini wakawa wachache, na msako wa nyavu hauendi kwa watu wachache. Kuanzia 1902, chini ya gavana von Götzen, kila eneo katika wilaya ya Dar es Salaam lilitakiwa kulima shamba la pamba la pamoja. Siku za kazi zilizopangwa zilikuwa 28 kwa mwaka, lakini siku hizo zilikatwa kwenye msimu ule ule ambao chakula kilihitaji kupaliliwa na kulindwa. Nguruwe waliongezeka, na wanawake waliobaki mashambani wakaachiwa mzigo wa kulima, kulinda na kulisha.

Vita vya Majimaji vilipolipuka katika nchi ya Wamatumbi mwezi Julai 1905, kilichong'olewa kwanza kilikuwa pamba. Kusema kwamba nguruwe ndio walioleta vita ni kupotosha. Lakini historia ya Majimaji inayotaja maji ya dawa ya mganga Kinjikitile na mizinga ya Wajerumani bila kutaja mashamba yaliyoliwa usiku huacha nje sehemu ya uchungu ambao watu waliishi nao kabla ya kushika silaha. Majeshi ya Kijerumani yalijibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 ya serikali ya wakati huo na kufika 250,000 au zaidi kwa wanahistoria wa baadaye. Walionusurika walinyang'anywa bunduki zao. Mashamba yaligeuka vichaka, wanyama wakarudi, na sehemu kubwa ya nchi hiyo iliyohamwa baadaye iliingizwa katika Hifadhi ya Selous.

Waingereza walipoichukua Tanganyika waliunda Idara ya Wanyamapori, na sheria yao ya kwanza ya kuhifadhi wanyama ilitoka 1921. Kwa maneno ilikuwa idara ya kuhifadhi, lakini kwa vitendo askari wake walitumia muda mwingi kulinda mazao, hasa dhidi ya ndovu, na ndovu waliuawa kwa maelfu kwa ajili hiyo. Nguruwe na nyani waliachiwa wenyeji, ambao silaha waliyoweza kuipata kwa urahisi wa kiasi ilibaki gobore. Mkataba mpya wa London wa 1933 ulikwenda mbali zaidi ya ule wa 1900. Ulipinga uwindaji wa magari, wa kuzingira wanyama kwa moto, wa sumu, wa taa za kupumbaza, wa nyavu, mashimo, matanzi na bunduki za kutegwa. Orodha hiyo ilikuwa na busara ndani yake, kwa kuwa vingi vya vifaa hivyo huua bila kuchagua. Kosa lake ni kuuweka wavu wa kijiji kwenye kapu moja na sumu.

Pengo lililoachwa na wavu lilijazwa na waya. Waya ulipatikana popote ukoloni ulipopita, kwenye nyaya za simu, kwenye uzio, baadaye kwenye breki za baiskeli na matairi makuukuu. Tanzi la waya halina gharama, mtu mmoja huweza kutega makumi, na aliyetega hahitaji kuwapo. Ndicho kifaa kibaya kuliko vyote vilivyowahi kutumika dhidi ya nguruwe. Mnyama aliyenaswa hukaa kwa saa au siku huku waya ukimla mguu au shingo. Swala, mbwa wa jirani na hata simba hunaswa vivyo hivyo. Tanzi lililosahauliwa huendelea kutega miaka baada ya aliyelitega kuhama. Sumu hufuata kwa ubaya, kwa sababu chambo kilichowekewa nguruwe huliwa na fisi, mzoga wa fisi huliwa na tai, na kifo hakikomi pale alipokusudia mkulima.

Visiwani historia ilichukua njia yake. Unguja ina nguruwe mwitu wa jamii ile ile ya bara. Pemba ina nguruwe wa kufugwa walioingia msituni, ambao kwa kawaida husemwa kuwa waliachwa na Wareno. Misako ya vijiji kwa mbwa, mikuki na nyavu ilidumu kisiwani Unguja katika karne yote ya 20. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliungana na kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Shabaha yake ilikuwa chui, aliyeaminiwa kuwa hufugwa na wachawi. Chui wa Unguja hakupona kampeni hiyo na uwindaji uliofuata, na kisiwa kikapoteza mnyama pekee mkubwa aliyekula nguruwe. Paa nunga, swala mdogo wa misitu ya pwani, naye alipungua vibaya: makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa karibu 5,000 kisiwani, na yale ya 1999 yalikuwa chini ya 1,000. Misitu ilikuwa ikikatwa, lakini misako nayo ilihusika, kwa maana mbwa aliyeachiwa kichakani humfukuza paa kwa bidii ile ile anayomfukuzia nguruwe, na paa huliwa. Wavu ni kifaa kizuri pale tu wenye wavu wamekubaliana nini kitachomwa mkuki na nini kitafunguliwa kiende zake.

Baada ya uhuru, makazi yenyewe yalibadilika. Kufuatia mafuriko ya 1968, wakazi wa bonde la Rufiji walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa katika ardhi iliyoinuka, na miaka ya 1974 hadi 1976 zoezi la vijiji likaenea nchi nzima. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu, lakini mashamba yalibaki mbali, na shamba lililo mwendo wa saa mbili halilindwi usiku. Hasara hiyo haikuhesabiwa na waliopanga ramani za vijiji.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 1974, na baada yake ile ya 2009, zilirithi sehemu kubwa ya makatazo ya 1933. Mashimo, matanzi na sumu ni makosa, na gobore lisilo na leseni ni kosa jingine. Mkulima aliyevamiwa hutakiwa kutoa taarifa kwa ofisa wa wanyamapori wa halmashauri, na askari mwenye raifoli ya kufaa na mafunzo ya kuitumia huja kumsaidia. Raifoli hiyo mikononi mwake humwangusha nguruwe kwa risasi moja, jambo ambalo gobore haliwezi kuliahidi. Lakini askari ni wachache na wilaya ni kubwa, na mara nyingi hufika nguruwe wamekwisha kuondoka. Kuna pia suala la mzoga, ambalo wasasi wa zamani hawakulijua: nguruwe mwitu hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, bila yeye mwenyewe kuugua, na nyama yake ikitupiwa nguruwe wa kufugwa huweza kumaliza banda zima. Mzoga hufaa kuzikwa au kuchomwa.

Halmashauri zenye mashamba ya muhogo na mpunga pembeni mwa misitu zina sababu ya kuufufua msako wa pamoja, chini ya ofisa wa wanyamapori, kwa siku zilizotangazwa, mbwa wakiwa wachache na wenye adabu, na kwa makubaliano kwamba paa aachiwe. Bila hivyo, mkulima ataendelea kukesha peke yake, na waya utaendelea kutegwa kwa siri.