Mfereji wa Duke: Sehemu ya Nne

Tulimwacha Duke wa Bridgewater akishangiliwa, sivyo? Julai 1761 mashua yake ilikatiza juu ya daraja la Barton, maji juu ya maji, mto Irwell ukipita chini. Makaa ya mawe yakaingia Manchester, bei ikashuka karibu nusu.

Ungedhani sasa atatulia ale faida. Wapi!

Francis Egerton, ndiye huyo Duke, aliutaka mfereji ufike Liverpool. Mwaka 1762 akapambana bungeni na wenye usafiri wa mto Mersey na Irwell, watu waliojua fika kwamba mfereji wa pili ungewamaliza. Akawashinda.

Ruhusa anayo. Hela je?

Hapo ndipo penye kazi, msomaji wangu. Wachimbaji wanadai ujira, sanduku halina kitu. Husimuliwa kwamba hati yake ya pauni 500 ilizungushwa Manchester na Liverpool, ikakosa mtu wa kuipokea. Hati ya Duke mzima!

Basi, kwa mujibu wa masimulizi hayohayo, John Gilbert, msimamizi wa mashamba yake, akapanda farasi. Nyumba hadi nyumba, kwa wapangaji wa bwana wake. Huyu pauni tano, yule kumi, mpaka zitimie za mshahara wa wiki.

Na wiki ijayo? Farasi anatandikwa tena.

Mimi huwawazia wale wapangaji. Msimamizi wa mwenye ardhi kasimama mlangoni, anakopa. Unamkatalia vipi? Wewe ungetoa?

Mwaka 1765 Duke akafanya jambo la kutia baridi: akauweka rehani mfereji wa Manchester, uleule unaomlisha, kwa benki ya Child ya London. Akapewa pauni 25,000. Mambo yakienda mrama, hana pa kurudi.

Kazi ikasonga. Januari 1773, kule Runcorn, malango ya kushushia mashua hadi Mersey yakafunguliwa. Vifijo!

Ngoja kwanza. Usishangilie.

Katikati kuna pengo. Mfereji unafika Norton, unakatika. Unaanza tena mbele. Mizigo inashushwa, inapita nchi kavu, inapakiwa upya. Kila upakiaji ni gharama, na riba haisubiri.

Pengo hilo ni shamba la Sir Richard Brooke, naye hataki mfereji upite karibu na nyumba yake.

Bunge limeruhusu. Benki inadai. Sir Richard kakaza. Deni linapanda kila mwezi, na Duke hana njia nyingine ya kupitisha maji.

Nani atalegea kwanza? Jumamosi ijayo twende Norton, mimi na wewe, tukabishe hodi.