Risasi ya Roosevelt, mkuki wa Mnandi
Wasee, Desemba 1909 Theodore Roosevelt alipanda meli hapa Kisumu kuelekea Entebbe. Kutoka Otonglo hadi hiyo bandari ni karibu tu.

Silaha yake ya simba ilikuwa Winchester ya 1895, ile unakoki kwa kusukuma wenzo wa chini. Ilikula risasi ya .405: kichwa gramu 19 hivi, mwendo mita 670 kwa sekunde. .45-70 ya 1873, ya jeshi la Marekani, ilikuwa pana na nzito, gramu 26, lakini pole, mita 400 hivi. Kwa simba nachukua .405. Kwa ndovu, zii, haizami vya kutosha; hata yeye alibeba Holland & Holland ya mitutu miwili.

Kabla ya kupanda meli hiyo alikuwa amefika Uasin Gishu, akatazama Wanandi wakizunguka simba na kumuua kwa mikuki. Simba alimrarua mmoja wao kwanza. Hiyo ni miaka minne tu baada ya Koitalel Arap Samoei kupigwa risasi na Mwingereza.

Mabishano ya .405 hayaishi mpaka leo. Mkuki ule, nani ameuliza ulikuwa na uzito gani?